Siku Mtaa Uliponong'ona

Mashini yangu ya kusaga ikiwaka asubuhi, chai hutetemeka kikombeni kabla mimi sijasikia kitu. Nilihama nayo kutoka Butembo hadi hapa Bunia, na kwa muda mrefu nilidhani mngurumo wake ndio kimya chenyewe.

Jirani yangu hakudhani hivyo. Yeye ni zamu, mlinzi wa depo moja mjini: anakesha usiku kucha, anarudi alfajiri, anajilaza wakati mimi namimina mahindi ya kwanza. Nyumba yake na mashini yangu zimepeana mgongo. Alinivumilia mpaka mke wake alipojifungua, usingizi ukamwisha kabisa, akaenda kunishitaki kwenye ofisi ya komini. Akishinda, mashini inaondoka. Na kona ilipokaa niliipata kwa kumbembeleza mwenye kiwanja hadi akachoka kuniona. Kona ya njia mbili huipati tena.

Komini ikatuma ajenti wa mazingira na kifaa cheusi, chembamba, chenye kichwa cha sponji kama bibi aliyejifunga kitambaa. Alikiita sonometri. Akakitundika kwenye dirisha la jirani, akasema kitaandika nguvu ya sauti kila sekunde mpaka jioni, na kuziweka zote tumboni. Nikamuuliza kama kinaweza kupunguza kidogo.

"Mama, hii haina bei," alinijibu.

Nikamwambia hakuna kitu kisicho na bei. Akacheka, akaniagiza nifanye kazi kama siku zote.

Shida ni kwamba mtaa ulishika neno moja tu: kinaandika. Ajenti alieleza kwamba maneno ya mtu hakiyajui, kinajua nguvu ya sauti tu. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea kunong'ona. Wanamama walileta mihogo mikavu, wakaniuliza bei midomo ikigusa sikio langu. Muuza samaki wa Tchomia alipita na beseni kichwani bila kuita, wateja wakamfuata kwa harufu. Mwenye moto, ile pikipiki ya abiria, alizima injini juu ya mteremko, akashuka polepole, miguu ikining'inia, kama mtu anayeota. Nilisimama mlangoni, unga ukielea kwenye mwanga, nikaona Bunia inapita mbele yangu kama iko chini ya maji. Mashini yangu peke yake ndiyo iliyokuwa inasema. Nikaionea haya, mara ya kwanza.

Mchana niliizima ipoe, nikabadilisha chujio. Nyuma ya ukuta mtoto akaanza kulia. Sikuwaza kitu, watoto hulia.

Kesho yake ajenti alifungua kompyuta kwenye baraza yangu. Jirani alikaa macho mekundu, mke wake akasimama nyuma yake na mtoto mgongoni. Siku yetu nzima ilikuwa imekuwa mstari. Asubuhi ulipanda, ukanyooka juu kama paa: hiyo ni mimi. Mchana ulianguka, halafu pale chini yakachomoka mapembe marefu, mengine yakipita hata paa langu. Nikayahesabu mara mbili, nikapata saba. Ajenti alipata sita.

"La saba ni jogoo," mke wa jirani alisema. "Mengine yote ni huyu."

Akageuka kidogo tumwone aliye mgongoni. Akatueleza kwamba mimba yake aliibeba akipanga foleni kwangu karibu kila siku, na mtoto alitoka tayari amezoea. Mashini ikizunguka, analala. Ikinyamaza, anaamka na kuiita.

Jirani aliinama karibu na kompyuta. "Basi nilishitaki mutoto wangu?"

"Hapana, papa," ajenti alisema. "Mashini nayo iko juu ya kipimo cha sheria."

Akaweka kidole kwenye paa langu, na furaha yangu ikakatika hapo hapo. Nikaanza kupatana naye. Mashini isihame, nitajenga ukuta wa matofali upande wa jirani, na bomba la moshi nitaligeuzia barabarani. Ajenti akasema aliyeshitaki ndiye wa kukubali.

"Jenga, mama," jirani alisema. "Lakini usihame. Ukienda, huyu nani atamulaza?"

Nilijenga. Ajenti akarudi na kifaa chake, akakitundika palepale, na safari hii mstari ukakaa chini ya kipimo. Sasa jirani analala hadi mchana.

Mtoto ndiye aliyebaki bila mngurumo wake. Kwa hiyo mama yake anamleta kwenye baraza yangu, mbali na mlango kama ajenti alivyotuagiza, na hapo macho yake yanajifumba taratibu, vumbi la unga likimtua kwenye kope. Siku nyingine mahindi yanaisha kabla ya usingizi wake. Mimi, ninayebishana hata juu ya kiganja cha pumba, naacha mota izunguke tupu kidogo, mazutu ya injini ikiungua bure. Kisha naizima polepole, na wateja wa mwisho, bila kuambiwa na mtu, wananinong'oneza bei.