Kijiko cha Kwanza

Nikifungua chupa ya dawa ya kikohozi, ile harufu tamu yenye ukali hunirudisha utotoni, kijijini Kanyakine, kwenye stoo ya kiwanda cha kahawa. Gari la sinema lilikuja mchana, ikabidi madirisha yazibwe kwa magunia. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, haina rangi. Tajiri mmoja alikunywa chai, akaanguka, akafa. Polisi walibaki kushangaa tu. Daktari ndiye aliyenusa kikombe, akajua ni sumu, akamfuatilia muuaji mpaka akamnasa. Mwalimu wetu alitutafsiria kwa Kimeru, nami nikikohoa mapajani mwa nyanya yangu.

Kesho yake nyanya alinipeleka zahanati. Daktari, kijana wa koti jeupe, akamimina dawa kwenye kikombe kidogo. Nyanya akakipokea, akakinusa taratibu kama yule wa sinema, kisha akamrudishia.

"Onja wewe kwanza, mwanangu."

"Lakini nyanya, mimi si mgonjwa."

"Hata kwangu, mgeni hanywi uji kabla sijauonja."

Niliogopa daktari atatufukuza, na kifua kilikuwa kinaniuma kweli. Daktari akanywa, akakunja uso, akacheka mpaka miwani ikateleza puani. Halafu akanimiminia yangu.

Sasa mjukuu wangu ameketi kitandani, anakohoa. Ananitazama nikimimina dawa, wala hafungui mdomo. Anajua kijiko cha kwanza ni changu.