Kuku wa Vijiti

Kuna siku moja, mjukuu wangu, ambayo kila nikiikumbuka nasikia kwanza kelele za kuku mbele ya meza ya chifu. Juzi nimeikumbuka tena, nilipowasikia wewe na binamu yako mkibishana hadi chai ikapoa. Wewe ulisema joto hili na mvua hizi zisizo na adabu ni kazi ya viwanda vikubwa, basi sisi tunaochemsha maharagwe kwa kuni tuachwe tupumue. Mwenzako akasema kila mtu aanze na jiko lake. Mimi nilinyamaza, na wanijua, kunyamaza si kazi yangu.

Wakati huo nilikuwa mwanamke kijana, mwepesi wa mdomo. Kilimo cha mwani kilikuwa bado kigeni kwetu huku karibu na Kibuyuni. Maji yakitoka tulishuka pwani, tukachomeka vijiti mchangani, tukafunga kamba baina yake na kuufunga mwani humo. Vijiti hivyo tulivikata kwenye mikoko ya hori letu, ule mkono wa bahari unaoingia bara, na kuni nazo tulizitoa humo humo. Hakuna aliyeona ubaya. Mikoko ilikuwa mingi na watoto walikuwa na njaa.

Kisha ukaja msimu mwani ukawa mweupe na kukatikia mikononi. Wataalamu wakatuambia maji ya bahari yamepata joto. Hatujamaliza kulia, kiwanda cha chokaa kilichokuwa ng'ambo ya hori kikaomba ruhusa ya kufyeka mikoko yote ya upande wetu ili kijenge gati la kupakilia mizigo. Ikifyekwa, tope lote lililoshikwa na mizizi yake lingeshuka juu ya mwani, na mwani ndio uliowasomesha watoto wetu. Chifu akaita baraza.

Nikasimama wa kwanza. Nikawaambia watu wa kiwanda kwamba tanuri zao zinatoa moshi usiku na mchana, na sasa wanaitaka hata miti inayotukinga. Nilipigiwa makofi, nami nikayafurahia. Meneja wao, mtu wa bara, mpole wa sauti, akangoja makofi yaishe.

"Mama, hii joto ni ya dunia nzima," akasema. "Lakini hivyo vijiti vyenu vimetoka wapi? Nyinyi wenyewe mnamaliza hii mikoko. Muanze na nyinyi."

Minong'ono ikaanza. Kisha tukageukiana sisi kwa sisi. Wengine walisema ana haki, hatuna uso wa kusema tena, twendeni zetu. Wengine wakasema vijiti ni nini mbele ya tanuri, bora tukate yote kabla hawajakata wao. Tuligombana hata meneja akakosa kazi ya kufanya, akawa anatazama viatu vyake. Chifu akaahirisha shauri hadi wiki ya pili.

Nilirudi nyumbani nikitokota. Mavyaa wangu, Bi Mejumaa, mamake babu yako, alikuwa akisikia kwa sikio moja tu, lakini hilo moja lilikuwa la kazi. Aliniacha nikasema hadi nikachoka.

"Uliyomwambia meneja ni kweli," akasema. "Na aliyokwambia ni kweli. Kosa lake ni kubwa kuliko lako, lakini hilo lako dogo ndilo lililokuziba mdomo. Kalilipe, kisha urudi useme."

Nikamuuliza nitalilipa vipi, akasema kwa kuku, kama kwenye kaya. Unajua sisi Wadigo msitu wa kaya, penye matambiko ya wazee wetu, hatuuchezei. Ukikata kijiti humo wazee wanakutoza kuku, ukiangusha mti ni mbuzi, uwe maskini au tajiri. Lakini mikoko haikuwa ya kaya, nami nikamwambia hivyo. Akaniuliza kama iko sheria inayomkataza mtu kujitoza mwenyewe.

Akajifunga mtandio, akapita nyumba kwa nyumba kumtaka kila mwanamke alete kuku mmoja barazani. Waliokuwa wameona haya walikubali upesi. Wale wengine walikuwa wagumu, wakasema huko ni kukiri kosa mbele ya adui. Aliwajibu kwamba tukilikiri letu, lake halitakuwa na pa kujificha. Mimi nilikuwa na mtetea mmoja mwekundu, anataga vizuri, na wallahi nililia nikimfunga miguu.

Siku ya baraza tukaingia sote, kila mwanamke na kuku wake, tukawalaza mbele ya meza ya chifu. Kuku mmoja alifunguka akapanda juu ya mkoba wa meneja, na watu wakacheka sana. Bi Mejumaa hakucheka. Aliwaamkia wazee wa kaya waliokaa mstari wa mbele.

"Hawa ni kuku wa vijiti," akasema. "Tumekata, tumelipa, na kuanzia leo tunapanda mivinje yetu wenyewe ya kutupa vijiti." Kisha akamgeukia meneja. "Mwanangu, kwetu kijiti ni kuku na mti ni mbuzi. Wewe wataka hori zima. Mbuzi wako wako wapi?"

Meneja alianza kusema habari za ajira, kisha habari za dunia nzima, kisha akataka kurudi kwenye vijiti vyetu, navyo vilikuwa vimeshalipiwa. Akakaa. Chifu alisema yeye hatatia mkono wake katika ombi lile. Gati lilikuja kujengwa mbali, penye mawe, na mikoko yetu ndiyo hiyo unayoiona.

Sitakudanganya, bahari haikupoa. Iko misimu mwani unakuwa mweupe hata leo, na moshi wa tanuri bado tunaufuata baraza kwa baraza.

Basi nisikilize, na ukamwambie na binamu yako. Wewe umesema kweli: jiko langu silo lililoipasha moto bahari. Waliochafua zaidi walipe zaidi, na usikubali mtu akusahaulishe hilo kwa kukuhubiria habari za mfuko wako wa sokoni. Lakini usimwachie kitu cha kukuzibia mdomo. Safisha la kwako, hata kama ni dogo, hata kama linauma. Na mwenzako naye ajue kwamba kulipa kuku si mwisho wa kazi. Akishalipa akaenda kulala, amemsaidia meneja. Peleka kuku wako, mwanangu, kisha usiondoke barazani mpaka mbuzi waonekane.

Mwenyezi Mungu akupe mikono safi na sauti isiyokauka. Akupe wenzako msioachana njiani, na akujaalie uwaone mbuzi hao kwa macho yako. Mimi bado nawangoja.