Mama Pindo Awajengea Shomoro

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja wake, maana halijawahi kutoka dukani kwake gauni lenye pindo lililokwenda upande. Mshono ukikosea hata kidogo, anafumua. Mteja akimwambia, "Acha tu, mama, nani ataona?" humjibu, "Mimi nimeshaona," na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa hiyo aibu iliyompata asubuhi moja ilimkaa rohoni. Mama wa bibi harusi alikuja kuchukua gauni jeupe, akalikuta limetundikwa vizuri, lakini begani lina doa bichi la kinyesi cha ndege na nyasi kavu juu yake. Shomoro wawili walikuwa wamegundua tundu pale paa linapokutana na ukuta, wakaanza kujenga kiota.

Mama Pindo alilifua gauni kwa mikono yake, akalipiga pasi, akaahidi kwamba kufikia Jumamosi tundu litakuwa limezibwa. Akishaahidi, ameahidi. Lakini mteja alipoondoka, alikaa mbele ya cherehani akiwatazama ndege wale wakipishana na nyasi midomoni, akajisikia mnyonge. Tangu binti yake wa mwisho aolewe, chumba kile kilikuwa na sauti moja tu, ya cherehani. Sasa kulikuwa na makelele, ugomvi na mapatano tangu alfajiri. Hakutaka waondoke.

Akaenda kwa mdogo wa mumewe, seremala mwenye karakana upande wa pili wa ukuta.

"Hawajataga bado," alimwambia. "Wakipata nyumba nyingine hapo nje, labda watahamia. Nitengenezee kisanduku, shemeji."

"Nina vitanda vya watu hapa, shemeji. Hao wapangaji wako watanilipa nini, manyoya?"

"Basi niazime msumeno, nitengeneze mwenyewe."

Seremala alicheka mpaka akaegemea meza. "Wewe? Msumeno si mkasi, shemeji!"

"Na wewe si wa kwanza duniani kukata ubao. Lete."

Alimpa msumeno, nyundo, misumari na mabaki ya mbao. Akamwonyesha namna ya kushika msumeno usirukeruke, akamtajia na vipimo vya kila upande.

Mama Pindo alitandaza mbao juu ya meza ya kukatia nguo, akachora mistari kwa chaki yake. Mwanzoni msumeno ulimgomea: uling'ang'ania, ukaruka, ukamla ukucha. Kisha mkono ukazoea, akasikia ubao ukikubali kukatika. Kufikia adhuhuri jasho lilikuwa likimtiririka, nywele zimejaa vumbi la mbao, naye anaimba.

Wimbo uliishia alipoanza kuunganisha. Kuta zilipitana kwenye pembe, sakafu ikakataa kuingia, kisanduku kizima kikawa kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Alipima tena. Kila ubao ulikuwa kama alivyokusudia. Akamwita shemeji.

Seremala alikigeuza kisanduku huku na huku. "Mbona pembeni kina masikio?"

"Hiyo ni akiba ya mshono."

"Akiba ya nini?"

"Ya mshono! Vidole viwili kila upande. Utaunganishaje bila akiba?"

Seremala alikaa chini palepale, katikati ya vipande vya nguo. "Shemeji," alisema alipopata pumzi, "ubao haukunjwi kwa ndani!"

Mama Pindo alimkazia macho. Kisha akakitazama kile kisanduku na masikio yake, kicheko kikampanda, naye akacheka mpaka akashika meza asianguke.

"Kiache hivyohivyo," seremala alisema akijifuta machozi. "Kwenye nyufa shindilia matambara, juu paka rangi. Shomoro hatakuja kukudai."

Hapo Mama Pindo akaacha kucheka. "Ndiyo maana siwezi kukiacha," alisema. "Mama wa bibi harusi aliliona doa, akalisema. Huyu hana mdomo wa kusema. Mvua ikimwingilia, ataloa yeye na watoto wake, wala sitajua. Nipishe."

Akaanza kung'oa misumari. Kwa bahati alikuwa ameipigilia kama anavyopiga bandi kwenye nguo kabla ya kushona: nusu tu, kwa kujaribu. Ikatoka bila kupasua ubao hata mmoja. Akakata upya, safari hii bila akiba, na pembe zikakutana. Seremala alikwenda kuchukua keekee, akatoboa mlango wa mviringo. Mama Pindo aliupiga msasa mlango ule, akawa anaujaribu kwa ngozi ya ndani ya mkono, kama anavyojaribu kola ya mtoto mchanga.

Jumamosi asubuhi alingoja ndege watoke. Akapanda ngazi, shemeji ameishika chini, akatundika kisanduku nje chini ya paa, akahamishia humo nyasi zao zote. Kisha akaziba tundu.

Shomoro walirudi. Walikwenda moja kwa moja kwenye tundu la zamani, wakaligonga, wakaruka juu ya waya na kupiga kelele za matusi. Mama Pindo alijibanza nyuma ya mlango, akichungulia. Kijana aliyekuja kupimwa suruali alishikwa mkono na kuamriwa anyamaze.

Jike alitua juu ya kisanduku. Akachungulia, akatoa kichwa, akaingia mzima mpaka mkia. Mara akatoka na unyasi mdomoni, akautupa chini.

"Anahama!" Mama Pindo alinong'ona.

"Anapanga upya," alisema shemeji. "Mwanamke gani anakubali kupangiwa nyumba?"

Dume akaja na unyoya. Wakagombana kidogo mlangoni, jike akaupokea, wakaingia wote wawili. Mama Pindo alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika kwa furaha.

"Mama," kijana aliuliza kwa sauti ya chini, "na suruali yangu?"

"Ngoja kidogo, baba," alisema bila kugeuka. "Wanatandika."