Vidonge Wakati wa Palizi

Mdogo wangu alijaribu kujiua mara ya kwanza tukiwa bado kwetu Mpale. Alilazwa miezi mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku ya kumtoa, daktari aliniambia, "Aliyejaribu mara moja anaweza kujaribu tena, hasa miezi hii ya mwanzo. Asiache vidonge. Asikae peke yake." Niliitikia kama msomi wa sekondari aliyeelewa.

Nilimchukua hadi Handeni, kwenye kijiji cha ujamaa nilikokuwa katibu. Kila asubuhi niliita majina shambani kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Vidonge vilimlegeza, jua likipanda, yeye amelala kwenye tuta, jembe pembeni.

"Ndugu Katibu," mama mmoja akaniuliza mbele ya watu wote, "mdogo wako analima ndotoni?"

"Mwache, mama," mwingine akadakia. "Huyo ni kupe wa ofisini, haguswi."

Wakacheka. Jana yake tu nilikuwa nimewahutubia juu ya kupe, watu wanaoishi kwa jasho la wenzao.

Jioni nilimwambia mdogo wangu, "Acha vidonge mpaka palizi iishe. Wiki tatu tu."

"Na daktari je, kaka?"

"Daktari halimi hapa."

Akanikabidhi vyote. Wiki ya kwanza alipalilia kuliko vijana wote, nikajiona nimemponya. Ya pili akaacha kula. Ya tatu akasema, "Kaka, hali imerudi. Nipeleke hospitali." Nikamwambia asubiri, wakubwa wa wilaya wanakuja kukagua shamba. Siku walipokuja nilimwacha nyumbani peke yake, asinitie aibu.

Tuliporudi tulimkuta amejaribu tena, angali anapumua. Gari la wakubwa wale wale lilitukimbiza Korogwe. Muuguzi aliuliza, "Amewahi kujaribu kabla ya leo?"

Mkubwa mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi.

"Hapana," nilisema. "Hajawahi. Ni uchovu tu."

Neno hilo ndilo lililoandikwa kwenye cheti. Kwa hiyo hakuna aliyeita daktari wa akili, na siku ya nne wakamruhusu, nikamrudisha kijijini. Vidonge vilikuwa bado kwenye mtoto wa meza ofisini kwangu. Nilipanga kumrudishia baada ya kikao cha kijiji.

Kesho yake asubuhi niliita jina lake shambani mara mbili. Kimya. Nikaandika hayupo, nikaendelea na jina lililofuata. Nilimaliza ukurasa mzima kabla ya kwenda kumtazama.