Gari Ilikuwa Inalala na Nini?

Kila nikiikumbuka siku ile ya Kinanira, mwanangu, kwanza najisifu, kisha naona haya, kisha najisifu tena. Kaa nikusimulie mpaka mwisho, maana watu wengi hapa Bujumbura wanaijua nusu ya kwanza tu, na aliyewasimulia nusu hiyo ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Buyenzi, fundi katika garaji moja ya mtaa wa Asiatique. Jina langu Deo, na kunyamaza sikufundishwa. Ilikuwa miaka ya vita. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na neno embago lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, hata mwa wauza nyanya. Vipuri havikuingia. Gari likiharibika lilibaki palepale, kuku wakataga ndani.

Ndipo likaletwa kwetu, likivutwa kwa kamba, gari dogo la Mama Generoza. Mama huyu alikuwa mkunga. Alikaa Kinanira, juu mlimani, na kazi yake ilikuwa chini mjini, kwenye wodi ya wazazi. Kila asubuhi njia zilipofunguliwa alishuka na gari lile, na mara nyingi kiti cha nyuma kilikuwa na mwanamke mwenye uchungu aliyemkuta akimngoja langoni. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la otomatiki: pedali mbili tu, gia zinajibadilisha zenyewe, na ukiegesha unasukuma mkono wake kwenye herufi P. Sasa giaboksi ilikuwa imeungua. Injini ilinguruma vizuri, lakini magurudumu hayakuwa na habari nayo. Giaboksi nyingine ya namna ile haikuwepo mji mzima, na mafundi wote wa Asiatique walimshauri aliuze kama vyuma chakavu. Bila gari, wanawake wa mlima ule wangeshuka kwa miguu kati ya vizuizi vya askari, na tayari mmoja alikuwa amejifungulia kando ya njia.

"Mama, usiuzishe," nikamwambia. "Mi nitakuwekea vitesi za mukono." Vitesi ndizo gia, kwa lugha ya huku.

"Inawezekana?"

"Kwa fundi mwingine, apana. Kwangu inawezekana."

Unausikia mdomo ule, mwanangu? Sikuwa hata nimelala chini ya gari kutazama.

Lakini penye nia pana njia. Ndani ya uzio wetu kulikuwa na gari jingine la aina ileile, la gia za mkono, milango yake imetobolewa na risasi. Lilikuwa la nani sikuuliza. Miaka ile kuna mambo ulikuwa huulizi. Nikalitoa giaboksi, nikalitoa pedali ya klachi, ambayo sisi huku tunaiita ambrayaji, nikalitoa na mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Nikatoboa sakafu ya gari la Mama Generoza ili mkono wa gia upite. Kisha nikakwama. Mwisho wa shafti ya injini panahitajika kipete cha shaba cha kushika ncha ya giaboksi ya mkono. Injini ya otomatiki haina kipete hicho, na cha gari bovu kilikuwa kimelika. Nikachukua koki ya shaba ya bomba la maji lililovunjika, nikaichonga kwa tupa siku mbili, nikipima kwa ukucha. Sikuwa na mashine. Kipete kile kilizunguka miaka tisa, mwanangu, na siku waliyokitoa walikikuta bado kinang'aa. Hapo naomba unipe muda kidogo nijisifu.

Haya, nimemaliza.

Sasa kulikuwa na Papa Petro. Huyu ndiye aliyenifundisha ufundi, Mkongomani wa Uvira, mzee ambaye mikono yake ilikuwa imechoka, basi alikaa juu ya matairi akitazama tu. Alisema maneno machache, na hayo machache aliyarudia. Siku nilipoishusha giaboksi ya zamani chini, akaniuliza:

"Deo, hii gari ilikuwa inalala na nini?"

Nikafikiri mzee amechanganyikiwa na joto. Nikacheka. Siku nilipofunga mkono wa gia akaniuliza tena, nikamjibu, "Papa, gari haina kitanda." Wote wakacheka, isipokuwa yeye.

Nilipomaliza nililijaribu gari mpaka Kajaga, njia nzima kando ya ziwa, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, laini kama siagi. Nikala samaki wa mukeke wa kukaanga pale ufukweni, gari limeegeshwa mbele yangu, nikilitazama kama bwana harusi. Watu wakaja kuuliza, nikawaeleza, wakanisifu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliporudi, Papa Petro akatazama magurudumu, akaniuliza mara ya tatu swali lilelile. Safari hii sikumjibu kabisa.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kuulizwa mara tatu na mtu anayejua, na wewe usiulize naye anamaanisha nini.

Kesho yake mchana nikalipandisha gari Kinanira. Papa Petro alisema naye anakuja. Akakaa kiti cha mbele, na mapajani ameweka kipande cha mti wa mninga, kimekatwa upande mmoja kama kabari, ukubwa wa mkate. Nilimwuliza cha nini, akasema ni chake.

Nyumba ya Mama Generoza iko mahali mwinuko ni mkali, upande mmoja ukuta wa mawe na mtaro, na chini njia inakata kona. Baada ya kona ile hakuna kitu, ni bonde. Nikasimama mbele ya lango, gurudumu la nyuma likaegemea kijiwe nisichokiona, nikavuta breki ya mkono, nikaiacha gia huru. Sikuliacha kwenye gia kwa sababu nilitaka Mama Generoza akae aliwashe mwenyewe mbele ya watu, na sikutaka liruke. Majirani walikuwa wamejaa. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Generoza akaingiza kichwa dirishani.

"Sasa ile P iko wapi? Mi nilikuwa nasukuma ku P, njo naenda zangu."

"P imekufa, Mama. We uvute tu freni ya mukono."

Papa Petro alikuwa ameshashuka, na ameinama kuweka kile kipande cha mti nyuma ya gurudumu. Mwanangu, niliona aibu. Kazi yangu ya wiki tatu, kipete changu cha shaba, halafu mbele ya Kinanira nzima mzee anaiwekea kigingi kama mkokoteni! Nikashuka, nikakipiga teke kikabiringika pembeni.

"Papa, unaniaibisha," nikamwambia, kwa sauti, watu wakisikia.

Wakati huohuo Konsolata, jirani wa Mama Generoza, mwenye mimba ya miezi minane, alifungua mlango wa nyuma akicheka, akasema na yeye anataka kuonja. Akakaa. Uzito wake ulipoingia, gari likashusha pumzi, likakivuka kile kijiwe, likaanza kurudi nyuma.

Lilirudi taratibu, hilo ndilo ninaloliota mpaka leo. Halikupiga kelele. Nikashika mpini wa mlango, likaniburuta, goti langu likachunika mpaka nyama ikaonekana. Konsolata alikuwa ananitazama kupitia kioo. Niliogopa, mwanangu. Vita ile niliiishi yote, na sikuwahi kuogopa namna ile.

Aliyeliokoa ni yule mzee mwenye mikono iliyochoka. Alikiokota kipande chake, akakitupia chini ya gurudumu la nyuma. Hakikulisimamisha, lakini kilikatiza mwendo na kuligeuza kidogo, gurudumu likazama mtaroni, tako la gari likagonga ukuta wa mawe. Taa ikapasuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Kwangu ilivunjika taa, na namshukuru Mungu kwa bei hiyo.

Tulimtoa Konsolata, Mama Generoza akamlaza kwenye jamvi, akaweka mikono juu ya tumbo. Akahamisha mkono, akahamisha tena. Mwisho akasema, "Anacheza. Sikilizeni, anacheza," na Konsolata akaanza kulia, na mimi nikageukia ukuta nikalia pia.

Papa Petro hakunipigia kelele. Aliketi kando ya mtaro, akanionyesha nikae.

"Mi nilikuuliza mara tatu. Ile bwate ya vitesi ya zamani ulitoa, ilikuwa na kazi ngapi?"

"Moja, Papa. Kutembeza gari."

"Apana. Mbili. Ilikuwa inatembeza gari, na ilikuwa inailaza. Mama anasukuma ku P, kijino cha chuma mule ndani kinashika, gari inalala. Miaka yote ile nani alivuta freni ya mukono? Hakuna mutu. Kamba zake zimekufa na kutu. Na we umejaribu wapi? Kajaga. Kwenye tambarare hata ngoma ya mafuta inasimama yenyewe."

Nilivuta mkono wa breki. Ulipanda juu kama kawaida, na chini ya gari kamba hazikusogea. Wiki tatu nililala chini ya gari lile, na kamba zile zilikuwa zinanigusa pua.

Basi tulilivuta gari kutoka mtaroni, tukaliwekea kile kipande cha mti, na asubuhi yake nikapanda Kinanira kwa miguu na kamba za breki za gari bovu begani. Nikazifunga, nikazikaza, nikalisimamisha gari pale pakali kuliko pote, nikasimama nyuma yake mimi mwenyewe, mgongo kwenye buti. Papa Petro akasema sasa gari limelala.

Lakini alinirudisha tena. "Umebadilisha gari," akasema, "bado dereva." Mama Generoza alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na mguu wake wa kushoto haujawahi kuwa na kazi ndani ya gari. Nikapanda kila alasiri kumfundisha, palepale kwenye mwinuko, majirani wakiwa kwenye kuta zao kama uwanjani. Injini ilizima mara nisizoweza kuhesabu. Wakimcheka, alijibu kwa Kirundi, "Buhoro buhoro ni rwo rugendo," polepole ndio mwendo, kisha anaanza tena. Siku aliyolinyanyua gari mlimani bila kurudi nyuma hata kidole kimoja, nilipiga vigelegele mimi, mwanaume mzima.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachonirudishia kujisifu. Asubuhi moja nilipanda kukagua zile kamba, nikakuta mlangoni pamejaa watu. Uchungu wa Konsolata ulikuwa umeanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama Generoza alisema huyu hawezi kuzaliwa nyumbani. Konsolata amelazwa kiti cha nyuma, mume wake pembeni. Mama Generoza akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Betri imekufa, na betri mpya ilikuwa kama ndoto mwaka ule. Kwa giaboksi ya otomatiki habari ingeishia hapo.

Gari lilikuwa limeegeshwa kama nilivyomfundisha, pua inatazama chini, matairi yamegeuzwa ukutani, kipande cha mti mbele ya gurudumu. Vijana wakaja kusukuma.

"Tokeni mbele," akasema Mama Generoza kwa sauti yake ndogo. "Deo, toa kibao."

Nikakitoa. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya pili, akashusha breki ya mkono. Gari likaanza kuteremka taratibu, vilevile kama siku ile, kwenye mteremko uleule. Hatua kumi. Ishirini. Akaachia klachi, gari likatikisika, injini ikaamka, na likakata kona likinguruma. Nilibaki katikati ya njia na kipande cha mti mkononi, nikiwa mtu mwenye fahari kuliko wote Burundi nzima.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Nilingoja wampe jina langu, nisikufiche. Nilishawaambia watu wa garaji. Wakamwita Petronila.

Nilipompelekea Papa Petro habari na kipande chake cha mti, alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena. Kipande hakukipokea. "Sasa ni chako," akasema.

Mwanangu, mimi sikukatazi kubadilisha. Nani akukataze, mimi niliyebadilisha lile lisilobadilika? Nyumba utakayorithi, kazi utakayopewa, desturi utakazozikuta, ukiona zimeungua, zitoe. Ila usitoe kitu cha zamani kabla hujajua kazi zake zote, hasa ile ambayo kilikuwa kikiifanya kimya, gizani, bila kusifiwa. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa inawashika watu wasiteremke. Na kazi yako usiipime tambarare. Ipime pale itakapoishi. Ukiwa na mzee anayekuuliza swali la kijinga mara ya tatu, weka spana chini, kaa.

Kipande chenyewe ni hiki, shika. Mungu akupe mikono ya kuchonga shaba kwa tupa. Akupandishe milima mirefu kuliko Kinanira, na kila utakaposimama, usimame. Na siku betri itakapokufa, mteremko wako uwe na heri. Amina.