Mto wa Kitenge

Pumba za mpunga zikinyeshewa hutoa harufu nzito, kama ya uji uliolala sufuriani. Pale Ifakara, ukipita karibu na mashine za kukoboa wakati wa masika, huikwepi. Wengine ikiwafikia puani hukumbuka wali mpya. Mimi hukumbuka wivu, na nausema wazi mapema ili msomaji asije akadhani namletea hadithi ya upendo. Nilikuwa na umri wa kwenda chekechea, ambayo sisi tuliiita vidudu, na mwalimu wa vidudu pale Lumemo alikuwa mama yangu mzazi. Darasa lilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma, sakafu imepasukapasuka, na dirisha lilitazama milima ya Udzungwa.

Asubuhi tulitoka nyumbani tumeshikana mikono. Tukifika mlangoni ananiachia, nami naingia mstarini na wenzangu kuimba shikamoo Mwalimu. Siku ya kwanza nilimwita Mama mbele ya watu. Alichutama akaniambia kwa sauti ya chini, "Hapa mimi ni wa wote, Fausta. Mama yako utamkuta nyumbani." Nilikubali shingo upande. Darasani hakunipakata, wala hakuniita mwanangu hata nilipoanguka nikachubuka goti. Aliniita kwa jina, kama alivyowaita wengine. Nilivumilia kwa sababu jioni nililipwa haki yangu yote: mama mzima, hadithi za kwao Mahenge, na ukoko wa wali ambao hakuna aliyeugusa kabla yangu.

Ndipo akaja Kabula. Wazazi wake walikuwa Wasukuma walioingia bondeni na ng'ombe wao, na masika ile, kama watu wengi wa kwetu, walihamia shamba ng'ambo ya mto kuulinda mpunga mpaka uvunwe. Familia ikihamia shamba hubeba na watoto, na masomo yanakatika. Mama hakulipenda jambo hilo, akawaomba wamwache Kabula kwetu. Mimi sikuulizwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, alipewa nusu ya kitanda changu na nusu ya ukoko wangu. Alikuwa mpole, akimsalimu mtu mzima anapiga magoti mpaka chini, na majirani wakaanza kuniuliza kwa nini mimi sifanyi vile. Jioni mama alimsuka nywele, huku mimi nikisubiri zamu yangu katika nyumba niliyozaliwa. Baada ya muda Kabula naye akaanza kumwita Mama. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kililala ubavuni kwangu kikikoroma.

Msimu huo tulikuwa tunafundishwa makazi ya wanyama. Picha hazikuwepo, kwa hiyo mama alilijenga bonde zima sakafuni. Pumba alizirundika ukutani zikawa Udzungwa, vishada vya mpunga vikawa mashamba, tofali mbili zikawa kijiji. Sisi tulifinyanga wanyama kwa udongo wa kingo za mto Lumemo: mbega wa kukaa milimani, sheshe, yule swala wa bondeni kwetu, wa kukaa mbugani, mamba, kuku, ng'ombe. Ulibaki mto. Mama akafungua mkoba wake akatoa kitenge cha bluu, akakitandaza kikapita katikati ya bonde kikijipinda. Nilikijua kitenge kile. Kilikuwa mbeleko yangu. Hata siku hizo, nikiugua, ndicho nilichofunikwa, na sasa watoto wa watu walikuwa wanakipiga mihuri ya matope.

Tukaitwa mmoja mmoja kumpeleka mnyama kwake. Kabula alikuwa na kiboko. Aliuruka mto, akamweka katikati ya mpunga. Darasa zima tukacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana kila mtoto wa Ifakara anajua kiboko anakaa majini. Mama alimuuliza kwa nini amemweka pale. Kabula akajibu bila haraka, "Usiku anakuja kula mpunga wetu. Baba anapiga debe mpaka kunakucha."

Mama aliacha kila kitu akamkumbatia. "Umesema kweli, mwanangu," alisema. "Mchana kwake ni mtoni, usiku kwake ni shambani."

Mwanangu. Ndani ya darasa, mbele ya watu. Niliinama nikashika ncha ya kitenge nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Mto ukang'oka, Udzungwa ikaporomoka, mamba na mbega wakabingirika pamoja, na pumba zikaturukia machoni. Mpaka leo sijutii. Nilisubiri fimbo, na kwa kweli niliitaka, kwa sababu ingekuwa yangu peke yangu. Mama alijifuta pumba usoni, akawageukia wenzangu. "Mafuriko yamekuja," alisema. "Haya, kila mmoja amwokoe mnyama wake. Wataenda wapi?" Chumba kikawa shangwe. Walikimbilia pumba, wakaijenga milima upya, wakapandisha ng'ombe na kuku juu, na Kabula akanishika mkono akanivuta nami mahali pa juu nisizame. Hata hasira yangu mama aliifanya somo akawagawia wote.

Ya kale ni dhahabu, husema watu, ingawa dhahabu yangu ina mikwaruzo. Mwanangu anasoma vidudu Morogoro mjini, darasa lina picha za rangi ukuta mzima, na anajua pengwini anaishi kwenye barafu. Sheshe hamjui, na hata bondeni kwetu siku hizi sheshe ni wa kutafutwa. Mama amestaafu. Tangu masika iliyopita anakaa kijiji cha Mbingu, kwa Kabula, ambaye sasa analima mpunga na ana watoto wake. Alikwenda kutembea tu, akabaki. Juzi nilifunga safari kwenda kumchukua aje aishi kwangu. Nilipanga maneno yote njiani, kuanzia Sanje mpaka Mbingu.

Nilimkuta barazani na watoto wa jirani ambao wazazi wao wamehamia shamba. Kulikuwa na pumba, kulikuwa na wanyama wa udongo, na katikati kile kitenge, kimepauka lakini bado ni mto. Sijui ulimi wangu uliponyokaje. "Shikamoo Mwalimu," nilisema.

"Marahaba, Fausta. Kaa hapo mwisho, tunamalizia."

Nikakaa na watoto. Kutoka jikoni Kabula aliita, kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Mama, maji yako ya kuoga tayari." Mama akaitikia. Ncha ya kitenge ilikuwa mbele ya magoti yangu, na mikono ikaniwasha.