Simbilisi wa Papa na Miguu ya Askari

Jiko letu la mtaa wa Nyalukemba, mjini Bukavu, lilikuwa na harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: moshi wa kuni mbichi, nyasi zilizolowa mvua, na mkojo wa simbilisi. Kwa wasiomjua, simbilisi ni mnyama mdogo wa manyoya, hana mkia, ana mashavu ya mtu aliyeshiba, naye hunenepa kwa majani tu. Bukavu wengi humwita kobayi. Wetu waliishi nyuma ya rundo la kuni, na karibu kila nyumba ya mtaa ilikuwa nao, kwa sababu mbuzi utamficha wapi? Mbuzi wa jirani waliondoka na askari, kuku wetu wakaondoka na askari wengine, na ilifika mahali hatukuuliza tena askari hao ni wa nani. Simbilisi walibaki. Kwetu sisi walikuwa nyama ya wakati wa vita, na kwa Papa, baba yangu, walikuwa kazi.

Kabla ya vita, kazi ya Papa ilikuwa kukaa msituni kule juu Kahuzi akitazama gorila. Sitanii. Mtu mzima, mwenye diploma, alikaa kwenye mvua akiandika nani amemsogelea nani, nani amenuna, nani amempokonya mwenzake tawi. Ilimchukua miaka kuwazoesha wanyama wale wasimkimbie. Vita vilipofika, msitu ukajaa watu wenye bunduki, na Papa akabaki nyumbani na kalamu yake mfukoni, hana wa kumtazama. Akaanza kututazama sisi watoto. Ulikuwa huwezi kumnyang'anya mdogo wako kipande cha muhogo bila kusikia kalamu ikikwaruza nyuma yako. Maman, aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya parokia na hakuwa na subira ya bure, akamfokea siku moja, akimwita kwa jina langu: "Papa Nabintu, hawa ni watoto, hawako nyama ya pori! Enda tazama kobayi!" Alisema kwa hasira. Papa akalichukua kama wazo zuri.

Tangu hapo alishinda jikoni juu ya kigoda. Simbilisi hupiga mluzi wakitarajia chakula, wote kwa pamoja, fwii fwii fwii, masikio yanauma. Papa akagundua kwamba hawampigii kila mtu. Koko, mama yake Papa, aliyekuwa ametukimbilia kutoka Katana, alipigiwa mluzi kabla hata hajavuka ua, maana ndiye aliyewaletea majani ya viazi vitamu. Mimi nilipigiwa nusunusu, kwa kuwa mara nyingi nilikwenda mikono mitupu. Miguu ya mgeni ilipokuja, walinyamaza na kuganda, hata pua haikucheza. Papa alifurahi kama mtu aliyepata kazi upya. Akatueleza mezani kwamba zamani sana, huko milimani walikotoka, simbilisi waliopiga kelele ovyo waliliwa wakiwa vijana wakafa bila watoto, na walionyamaza mbele ya mguu wasioujua ndio waliozaa, wakazaliana, mpaka kuwafikia hawa wa jikoni kwetu. Koko alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Kumbe. Walinyamaza miaka yote ile, na bado wamefika mu sufuria yangu."

Maman hakuona cha kuchekesha. Siku hizo askari walipita mitaani wakikamata wanaume wa kuwabebea masanduku ya risasi hadi porini, na wengi wa waliobebeshwa hawakurudi. Kila walipopita, Papa alijificha jikoni nyuma ya kuni, palepale penye simbilisi, kwani nyumba yetu haikuwa na mahali pengine pa kumtosha. Mluzi mmoja tu, wangekuja kutafuta nyama na kumkuta yeye. Maman akaamua kwamba Jumapili tunawachinja wote. Papa akakataa katakata. "Viatu vya askari hawavijui," alisema. "Hawatapiga." Maman akamuuliza, na kama wakipiga? Papa akajibu kwa utulivu kwamba basi atakuwa amekosea. "Utakuwa umekufa!" Maman akalia machozi kweli, nami nikalia naye, kwa sababu nilimpenda sana Papa na nilijua ni mtu anayeweza kukosea huku anatabasamu. Jumapili tukala maharagwe. Papa alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko tangu asubuhi, hakuna kisu kilichopita.

Askari walikuja mchana, wiki hiyohiyo, Koko akichambua mchele uani, mimi na Maman tukiwa jikoni. Papa alirukia nyuma ya kuni. Viatu vikaingia uani, vikaingia jikoni, vikasimama karibu kabisa na rundo. Kimya. Simbilisi hawakutoa hata pumzi. Komanda wao, kijana mrefu mwenye kofia ya kuazima, alifunua sufuria, akakuta maji, akageuka kutoka. Nikamwona Maman anafumbua macho. Papa alikuwa amepatia! Ndipo askari wa mwisho akatokea mlangoni na mzigo wa kabichi begani, alizozing'oa kwa jirani, majani yake yanasuguana shwa, shwa, shwa. Mama yangu wee! Jiko zima likalipuka kwa mluzi.

Kuni zikavutwa. Papa akatoka na nyasi kichwani na vinyesi kwenye ndevu, kalamu mkononi. Mtu mwingine angepiga magoti. Yeye alimgeukia yule wa kabichi, macho yanang'aa. "Ni majani! Rudia! Toka kule mlangoni, tembea tena. Bila kabichi." Mpaka leo sijui kwa nini yule askari alitii. Akaenda, akarudi mikono mitupu: kimya. Akabeba kabichi, akarudi: fwii fwii fwii. Wenzake wakaangua kicheko na kutaka kujaribu, na Papa akawaamuru waweke kwanza bunduki ukutani, kwa sababu vyuma vinavyogongana vinaharibu kazi. Wakaziweka. Maman alishika rozari kwa mikono miwili. Komanda akapinga. "Kwetu Sange, kobayi ilikuwa inajua maman yangu yeye mwenyewe, hata asipoleta kitu."

"Ilijua majani ya maman yako," Papa akasema.

"Hapana, muzee. Ilimujua yeye."

Walibishana hivyo, askari wakipishana na kabichi mlangoni, mpaka mmoja akakumbuka kilichowaleta. "Chef, tumubebeshe?" Komanda akamtazama Papa kuanzia nyasi za kichwani hadi miguuni. "Huyu? Kichwa yake ilisha haribika. Utamupa sanduku ya risasi, ataanza kuiuliza maswali. Twende." Wakachukua bunduki zao na simbilisi mnene kuliko wote, wakasahau kabichi moja kizingitini. Walipopotea barabarani, Maman alimkumbatia Papa, kisha akavua ndala akampiga nayo, kisha akamkumbatia tena. Papa alikuwa amenuna. Alilalamika wiki nzima kwamba yule kijana wa Sange amemwita mwendawazimu bila kujibu hoja yake.

Vita vilipotulia, Papa alirudi msituni. Gorila wachache aliowakuta walikuwa wamejifunza kumkimbia mtu, ikabidi aanze upya kuwazoesha, polepole, akikaa mbali na kutafuna majani kama wao. Sasa ni mzee na amestaafu, huja kula kwangu Jumapili. Watoto wangu hawajui nyumba isiyo na kelele. Juzi geti liligongwa tukiwa tunapika, nao wakatoka mbio wakipayuka "Karibu! Karibu!" bila hata kusikiliza ni nani. Nilitaka kumwambia Papa awasikie wajukuu wake, wanaupigia mluzi kila mguu. Sikuweza. Nilikuwa nimesimama na mwiko hewani, uji unadondoka sakafuni, nimebana pumzi, nasikiliza viatu. Alikuwa jirani tu, amekuja kuomba chumvi. Nilipogeuka nikamkuta Papa ananitazama mimi, si wao, na mkono wake unapapasa mfuko wa shati, unatafuta kalamu.